Hukumu ya Kuzuia Chakula na Haki ya Jirani Siku za Maradhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Somo hili lahusu jambo moja: mtu kuweka chakula nyumbani au dukani wakati watu wamepatwa na maradhi na khofu. Wako wasemao kuwa mali ni ya mwenyewe, akitaka atauza, asipotaka ataweka, wala hapana wa kumwuliza. Wako na wasemao kuwa kila aliyeweka gunia moja ni mlanguzi, naye ni wa kulaaniwa. Kauli zote mbili zina kosa. Sheria imepambanua, na mpambanuo huo yapasa ujulikane na mwanafunzi wa chuoni, na mwenye duka wa Korogwe, na mkulima wa Handeni, na mama wa nyumba atumaye mtoto dukani.

FUNGU LA KWANZA: Yaliyotokea mwaka 1441

Mtu wa kwanza kuonekana na maradhi ya korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Siku ya pili yake ikatangazwa kuwa shule zafungwa, watoto wakarudi majumbani. Nyumba za ibada hazikufungwa, na tarehe 17 hata 19 Aprili nchi nzima iliitwa kuomba dua kwa siku tatu. Mwisho wa mwezi huo ikaingia Ramadhani ya mwaka 1441.

Katika siku hizo hizo sukari iliadimika. Sababu zake zilikuwa nyingi. Viwanda vya sukari vya nchi husimama wakati wa masika, kwa kuwa miwa haivuniki vyema katika matope. Pengo hilo huzibwa kwa sukari iletwayo kutoka nje. Na mwaka ule biashara ya dunia nzima ilikwisha kuvurugika kwa maradhi. Juu ya hayo Ramadhani ilikuja, na uji wa futari hutaka sukari. Serikali ikatangaza bei elekezi, kuanzia shilingi 2,600 kwa kilo moja Dar es Salaam. Lakini mahali pengine bei ilifika shilingi 4,000 na kupita. Barakoa, ndimu, tangawizi na vitunguu saumu navyo vikapanda bei.

Wala jambo hili halikuwa la nchi maskini peke yake. Mwezi wa Machi 2020, Uingereza, Marekani na Australia, watu walikimbilia madukani wakanunua mpaka rafu zikabaki tupu, hata karatasi za chooni zikakosekana. Na maduka makubwa ya Uingereza yakaweka mpaka wa idadi ambayo mnunuzi mmoja aweza kuchukua. Huo haukuwa mwaka wa njaa ya dunia. Nafaka zilivunwa vyema. Kilichomaliza vitu madukani ni khofu.

Namna khofu imalizavyo vitu ni hesabu nyepesi ya mtoto wa chuoni. Duka lina mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50, na mtaa una nyumba 50. Kila nyumba ikichukua kilo moja, wote wamepata. Nyumba 10 zikichukua kilo 5 kila moja, mfuko umekwisha, na nyumba 40 zimekosa. Wale 40 wakiona hivyo, siku mfuko mwingine utakapokuja nao watachukua zaidi ya haja yao. Basi sukari ile ile iliyokuwa ikitosha yawa haitoshi.

Na mwenye kukosa ni nani? Si tajiri, kwani yeye hununua mapema na kwa wingi. Mwenye kukosa ni mkata mkonge wa mashamba ya Korogwe alipwaye kwa kazi aliyoimaliza. Ni mama auzaye chakula kwa abiria njia panda ya Segera, ambaye abiria wakipungua na mtaji wake umepungua. Ni mjane wa Chanika anunuaye sukari robo kilo, na unga kwa kibaba. Hao hawawezi kuweka akiba ya mwezi kwa kuwa hawana fedha ya mwezi. Kila bei ipandapo, wao ndio wa kwanza kuumia, nao ndio wa mwisho kusemewa.

FUNGU LA PILI: Ihtikari ni nini?

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Maamar bin Abdillahi, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema kuwa mwenye kuhodhi ni mkosefu. Kitendo hicho kwa Kiarabu huitwa ihtikari. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameieleza ihtikari iliyo haramu kuwa ina sharti nne, na zikikosekana baadhi yake hukumu hubadilika.

Sharti ya kwanza: kitu chenyewe kiwe ni chakula ambacho watu hushikia uhai, mfano wa mahindi, mchele, mtama na tende.

Sharti ya pili: awe amekinunua. Mwenye kuvuna katika shamba lake, au aliyeleta chakula kutoka mji mwingine, haingii katika haramu hii.

Sharti ya tatu: awe amenunua wakati wa ughali. Aliyenunua wakati wa rahisi, watu wakiwa wameshiba, si mwenye ihtikari.

Sharti ya nne: akusudie kukizuia ili akiuze baadaye kwa bei ya juu zaidi, watu watakapozidiwa na haja. Aliyenunua kwa ajili ya kula yeye na watu wake, au ili auze pale pale, hana makosa hayo.

Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii, ameeleza kuwa hekima ya makatazo ni kuwaondolea watu madhara. Ametaja pia jambo ambalo wanazuoni wamekubaliana: mtu akiwa na chakula, na watu wakadhikika wasipate kingine ila hicho, hulazimishwa kukiuza. Hapo haulizwi tena kama alinunua au alivuna, wala kama alinunua wakati wa rahisi au wa ghali. Sharti zile nne ni za siku ambazo watu wana njia nyingine. Njia zikifunga, hukumu yatazama dhiki ya watu.

FUNGU LA TATU: Akiba si ihtikari, illa wakati hubadili hukumu

Asidhani mtu kuwa kuweka chakula ni aibu. Bukhari amepokea kwa Sayyidna Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nnadhir. Na Nabii Yusuf (a.s.), kama isimuliwavyo katika Sura iitwayo kwa jina lake, aliweka nafaka za Misri miaka saba ya neema. Lakini aliweka ili watu wote wapate kula katika miaka saba ya ukame, hata wageni waliotoka nchi ya mbali. Yeye aliweka kwa ajili ya watu. Mwenye ihtikari huweka juu ya watu. Ghala ni moja, na matendo ni mawili.

Walakini dalili iliyo wazi kupita zote katika mlango huu ni khabari ya nyama za udhiya. Imepokewa kwa Salama bin al-Akwaa kwamba mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu wasibakishe nyama za udhiya majumbani mwao baada ya siku tatu. Mwaka uliofuata wakamwuliza: je, wafanye kama walivyofanya mwaka uliopita? Akawaambia wale, na walishe, na waweke akiba. Kwani mwaka ule watu walikuwa katika shida, naye akataka wasaidiwe.

Mwanafunzi na azingatie. Nyama ni ile ile, ya halali, ya mnyama aliyenunuliwa kwa mali ya halali. Nyumba ni ile ile, na mwenyewe ni yule yule. Mwaka mmoja kuiweka ni makosa, na mwaka wa pili ni ruhusa. Kilichobadilika ni hali ya watu waliokuwa karibu yake. Basi mtu siku za maradhi asijiulize tu, “Je, hiki ni changu?” Na ajiulize pia, “Jirani yangu leo yuko katika hali gani?” Hilo la pili ndilo liijuzalo au kuikataza akiba yake.

FUNGU LA NNE: Mazingatio katika khabari za Uzigua

Watu wa Handeni na Korogwe hawahitaji kutafuta mfano mbali. Nchi ya Uzigua ni nchi ya mvua za kubahatisha, na njaa zake zimeandikwa katika vitabu vya tarekhe na kukumbukwa na wazee. Kuanzia mwaka 1898 hata 1900, mvua zilikosekana katika sehemu hizi, na maradhi ya ndui yakafuatana na njaa. Hilo ni fundisho: njaa na maradhi huenda pamoja, kwani mwenye njaa hana nguvu ya kupigana na ugonjwa, na mgonjwa hana nguvu ya kulima.

Kabla ya hapo, kiasi cha miaka ya 1830, njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya vizazi vyao yasema kuwa waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini, na waliposhuka pwani ya Somalia wakajikuta wameuzwa. Wajukuu wao waliishi katika bonde la mto Juba, wakahifadhi lugha ya Kizigua zaidi ya miaka 150. Vita vilipoingia Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapewa ardhi ya kukaa Chogo, katika wilaya ya Handeni, nchi ambayo wazee wao waliiacha kwa njaa. Na wengi wakapewa uraia.

Khabari hii yaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni kibaba kilichofichwa. Mwenye chakula amwonapo mwenye njaa kuwa ni faida yake, humtaka leo fedha. Kesho fedha ikiisha humtaka shamba. Na shamba likiisha humtaka mtu mwenyewe. Ndiyo maana Sheria imefunga mlango huu mapema, kwenye gunia, kabla mambo hayajafika kwenye shingo.

FUNGU LA TANO: Mas'ala

Mas'ala ya kwanza. Mkulima wa Handeni amevuna gunia 20 za mahindi katika shamba lake, naye ameziweka. Je, ni mwenye ihtikari?
Jawabu: La, kwa kuwa hakununua. Wanazuoni wamesema kuwa lililo bora kwake ni kuuza kinachozidi chakula cha mwaka cha watu wake. Lakini watu wakidhikika kabisa, wasipate kwingine, kuuza kutampasa, kwa bei ya mfano wake.

Mas'ala ya pili. Mwenye duka Korogwe amesikia kuwa bei itapanda. Amenunua mchele wote wa soko siku ambayo watu wakwisha kuanza kuukosa, akaufungia stoo, naye humwambia kila ajaye kuwa umekwisha.
Jawabu: Hiyo ndiyo ihtikari yenyewe, nayo ni haramu. Ameongeza na dhambi ya pili, ya uwongo.

Mas'ala ya tatu. Sukari si chakula cha kushikia uhai, wala ndimu na tangawizi. Je, yajuzu kuzihodhi?
Jawabu: Asili ya madhehebu ya Shafii ni kuwa haramu hii ni ya vyakula. Imam Ghazali, katika Ihyau Ulumi Ddin, amezitoa dawa katika makatazo haya. Ama vitu vifuatanavyo na chakula, kama samli na asali, amesema vyahitaji kutazamwa. Abu Yusuf, katika wanazuoni wa Hanafi, amesema kuwa kila ambacho kukizuia kwawadhuru watu, kukizuia ni ihtikari. Mwenye kuichunga dini yake hatatafuta mwanya katika khitilafu ya wanazuoni ilhali aona watu waumia. Na mwenye kuuza ndimu au barakoa siku za maradhi asiiongezee bidhaa yake sifa isiyokuwa nayo. Kumwambia mgonjwa kuwa kitu fulani kitamponya korona, pasipo ujuzi, ni udanganyifu katika biashara, hata kama bei ni ndogo.

Mas'ala ya nne. Mama wa nyumba, ambaye desturi yake ni kilo moja kwa juma, ameogopa akanunua kilo 5. Hakukusudia kuuza.
Jawabu: Kwa maelezo ya fiqihi yeye si mwenye ihtikari, kwani amenunua kwa ajili ya watu wake, na wakati wa wingi hana lawama. Lakini dukani kukiwa na kidogo, naye ajua kuwa nyuma yake wako wengine, hadithi ya nyama za udhiya yamhusu. Na achukue haja yake, awaachie wenziwe haja yao. Na ikiwa amekwisha kununua, mlango wa kheri haukufungwa: na atoe robo robo kwa majirani, kwa kuuza kwa bei aliyonunulia au kwa sadaka.

Mas'ala ya tano. Serikali imepanga bei. Mwenye duka asema kuwa Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei, basi yeye hafuati.
Jawabu: Ni kweli kuwa imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba watu walilalamikia ughali Madina, na Mtume (s.a.w.) akakataa kuwapangia bei, akakhofu asije akamdhulumu mtu. Kwa hivyo kauli iliyo sahihi katika madhehebu ni kuwa kupanga bei hakujuzu. Na ipo kauli ya pili, ya kujuzisha wakati wa ughali. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kuwa mtawala akiisha kupanga, mwenye kumkhalifu waziwazi astahili kutiwa adabu. Basi hadithi hii ni kinga ya mfanya biashara mwaminifu asidhulumiwe. Si pazia ya mlanguzi kujifichia.

Mas'ala ya sita. Mtu amepata khabari kuwa vyakula vitakwisha, naye hana hakika. Je, awaambie watu ili wajitayarishe?
Jawabu: Sura ya Nnisai, aya ya 83, yawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la khofu hulitangaza, nayo yaelekeza khabari zipelekwe kwa wenye mamlaka na ujuzi. Uvumi mmoja wa jioni huweza kumaliza soko la asubuhi. Mwenye kuueneza ni mshirika katika dhara, ingawa hakununua hata kibaba.

FUNGU LA SITA: Lipasalo kutendwa

Kuacha ihtikari ni daraja ya chini. Ni mtu kuepukana na madhambi tu. Juu yake iko daraja ya ihsani, nayo ndiyo ambayo Ansari walisifiwa kwayo katika Sura ya Hashri, aya ya 9, kwa kuwatanguliza wengine nao wenyewe wana shida.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa kwamba watu wa kabila lake, Al-Ashari, chakula kilipowapungukia safarini au mjini, walikusanya vyote walivyo navyo juu ya nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume (s.a.w.) akawahesabu kuwa ni wake, naye ni wao. Jambo hili halihitaji utajiri. Lahitaji nguo ya kutandika na chombo cha kupimia. Msikiti wowote waweza kulitenda: kila nyumba ilete kilicho tayari, kipimwe mbele ya watu, na kigawiwe kwa kuanzia na wajane, mayatima, na nyumba zilizofungiwa kwa ugonjwa. Nyumba yenye mgonjwa haiwezi kutoka kutafuta. Basi chakula na kiifuate mlangoni, kiwekwe kwa uangalifu, watu wajikinge na wanawe mikono. Kwani dini iliyoamrisha kumsaidia mgonjwa ndiyo pia iliyokataza kuingia mji wenye tauni na kuutoka.

Sayyidna Umar, mwaka wa 18 wa Hijra, njaa ilipoingia Bara Arabu, aliagizia chakula kutoka Sham. Na kwa nafsi yake alijizuia samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, ili ajue wanalolijua. Huo ni mwenendo wa kiongozi. Mwenendo wa mtu wa kawaida ni ule aliousiwa Abu Dharri: apikapo mchuzi na auzidishe maji, awaangalie majirani zake.

Ama mfanya biashara, Imam Ghazali amesimulia kisa cha mtu wa Wasit aliyepeleka jahazi la ngano Basra, akamwandikia wakili wake aiuze siku ile ile ifikapo. Wafanya biashara wakamshauri wakili angoje juma moja, naye akangoja, akapata faida maradufu. Mwenyewe alipopata khabari hakufurahi. Alimwandikia kuwa wao walikwisha kuridhika na faida ndogo pamoja na kusalimika dini yao, akamwamuru aitoe mali yote sadaka kwa mafakiri wa Basra, naye akawa na khofu kwamba hata hiyo haitoshi kumwokoa na dhambi ya kuhodhi.

Maradhi ya korona yaliondolewa katika hali ya dharura ya dunia mwezi wa Mei 2023. Lakini mwanzo wa mwaka 2024, baada ya mvua nyingi, sukari iliadimika tena Tanzania, na Ramadhani ikawa karibu, na bei zikapanda vile vile, ijapokuwa dharura ya maradhi ilikwisha kuondolewa. Kwa hivyo somo hili si la mwaka mmoja. Kila mwaka ambao masika yatazidi au yatakosekana, mizani ya Korogwe na Handeni itawekwa tena, na kila mwenye stoo, na kila mwenye kikapu, atakuwa na la kuamua kabla ya jua kuchwa: ni kiasi gani haja yake, na ni kiasi gani haja ya yule anayesimama nyuma yake.

Mwenyezi Mungu atuepushe na tamaa ya nafsi, ashushe bei za waja wake kwa baraka, na awaponye wagonjwa wao. Wallahu aalam. Wabillahi ttaufiq.